Ghala Alikohamishiwa Baba

Mpaka leo, mluzi ukipigwa nyuma yangu, shingo hugeuka kabla mimi mwenyewe sijaamua. Juzi ulipigwa nikiwa jikoni nasonga ugali, na aliyeupiga hakuwa mtu. Ulitoka sebuleni, kwenye televisheni, ambako mwanangu alikuwa anacheza gemu aliyoazima kwa mwenzake wa shule. Mluzi mmoja mrefu, unaopanda mwishoni. Niliuacha mwiko umesimama ndani ya sufuria nikaenda kuangalia, na hapo nikamkuta mlinzi yuleyule, mbele ya mlango uleule wa ghala, katika soko lilelile la mji wa mawe. Mimi nimeota mvi, yeye hajazeeka hata kidogo.

"Ni gemu ya zamani hii, mama," mwanangu akaniambia bila kugeuka. "Wameitengeneza upya tu, picha zimekuwa safi. Kwani unaijua?"

Naijua. Niliijua kabla sijajua kusoma, na kwa kipindi kirefu cha utoto wangu niliamini kwamba baba yangu anaishi humo ndani. Wenzangu mliokulia enzi za televisheni za chogo, zile zilizotaka kupigwa kofi ubavuni ndipo zitulie, huenda mtanielewa. Wengine mtacheka, na mcheke tu, kuna siku hata mimi nacheka.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala la vitunguu hapa Singida mjini. Tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya soko, karibu kiasi kwamba vitunguu vilinukia kwenye shuka, kwenye nywele za mama, mpaka kwenye maji ya kunywa. Kitunguu kinataka hewa, kikiikosa kinaoza, kwa hiyo ukuta wa lile ghala ulijengwa na matundu kuanzia chini hadi juu, na upepo wa kwetu, ambao haujawahi kusubiri kukaribishwa, uliingia upande huu ukatokea upande ule. Muda wote mle ndani kulikuwa na mchakacho wa maganda makavu. Nilipomuuliza baba ni nani anayetembea ndani ya ghala lililofungwa, alinijibu, "Ni vitunguu vinajigeuza usingizini." Nilimwamini, na nikavionea huruma vile vilivyolala chini kabisa.

Alikuwa anaingia lindo jua likielekea kuzama. Alivaa koti refu la mtumba lililopita magoti, kofia ameivuta mpaka masikioni, rungu mkononi. Mama akishapika, mara nyingi ugali wa uwele na mlenda, mimi ndiye niliyebeba hotipoti kumpelekea. Wenye mali hawakutaka mtu yeyote asogelee mlango wa ghala, awe mke, awe mtoto, kwa sababu walishika maneno kwamba wizi huanzia kwa jamaa za mlinzi. Ndipo baba akanifundisha mluzi. Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, na lile pengo lilifaa kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote. Nilisimama kwenye kona, palipokuwa na rundo la magunia matupu, nikapiga mluzi mmoja mrefu nikiupandisha mwishoni. Baba alinyanyua kichwa. Aligeuka nyuma kwanza kulishika kufuli, ahakikishe, kisha akaja taratibu huku akiangalia huku na kule.

"Nani huyo ananiita?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani?"

"Mimi wa kwako!"

Mchezo huo hatukuuchoka. Mama ndiye hakuupenda. Kwa watu wengi wa huku kwetu mtoto wa kike hapigi mluzi, na giza likishaingia hapigi mtu yeyote, maana mluzi wa gizani unaita nyoka. "Utakuja kutuitia kitu wewe," alikuwa akinionya, na baba alikuwa akicheka. "Mwache bwana. Nyoka anayemwita ni mimi."

Kisha ikaja alfajiri ambayo mjomba Jumanne, mdogo wake mama, aliniamsha, akanivalisha gauni nje ndani, akanipandisha basi la kwenda Ikungi kwa bibi. Mama hakuwepo chumbani. Nilipouliza, mjomba alifunga vifungo vyangu tu. Nilikaa kwa bibi mpaka uwele ukavunwa, na kila mtu mzima aliyeingia pale uani alinishika kichwa, akaingia ndani kuongea Kinyaturu cha chini chini. Kwetu mtoto haambiwi habari za msiba. Anapelekwa mbali, anapewa maziwa, na dunia inamalizana na mambo yake bila yeye.

Niliporudi mjini hatukukaa tena nyuma ya soko. Mama alikuwa amehamia Utemini, nyumbani kwa mjomba. Alikuwa amekonda na khanga zilimpwaya. Nikauliza baba yuko wapi. Mama aliinuka, akatoka nje. Mjomba alikuwa kijana bado, hajaoa, hajui watoto, akanipa jibu la kwanza lililomjia mdomoni.

"Baba yako amehamishiwa ghala lingine. Kubwa kuliko lile. Huko mlinzi haruhusiwi kutoka, ndiyo maana haji."

Simlaumu. Nimeshawadanganya watoto kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mjomba aliishi kwa kibanda cha gemu alichokijenga kwa mabati mbele ya nyumba. Ndani kulikuwa na televisheni za chogo, mabenchi, na pedi za kuchezea zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli baada ya wateja kuzigombania. Kulinuka vumbi lililopata moto na miguu ya vijana wasiooga. Wateja walitaka mpira tu. Mjomba mwenyewe, asubuhi kukiwa hakuna mtu, alipenda gemu moja ya watu wa kale, ya mtu mwenye kisu anayeparamia kuta na kuruka juu ya mapaa. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda pembeni yake nikitazama. Mama alikuwa ameanza kuuza mboga, na kibanda kile ndicho kilichonilea.

Siku moja yule mtu wa kwenye gemu akafika sokoni. Kulikuwa na vikapu, ngamia, wanawake waliojitanda, na magunia yaliyopangwa kama ya kwetu. Mwisho kabisa wa soko kulikuwa na ghala la mawe, kubwa kuliko la kwetu, na mlangoni alisimama mlinzi wa koti refu, kofia imemfunika masikio, mkuki mkononi. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama watu wanaosimama kwa kazi. Sikusema kitu, maana makoti marefu wanavaa wengi. Kisha mjomba akamficha mtu wake kwenye kona, ndani ya rundo la majani makavu, akabonyeza pedi, na ukatoka mluzi. Mmoja, mrefu, unaopanda mwishoni.

Mlinzi akanyanyua kichwa. Akageuka nyuma, akaushika mlango. Akaja taratibu kuelekea kwenye kona, akiangalia huku na kule, akasema maneno kwa lugha nisiyoijua, na mimi nikajua amesema nini.

"Mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi, baba!"

Mtu wa mjomba akachomoka kwenye majani, akamchoma kisu.

Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeungua. Mjomba alinibembeleza bila kujua anabembeleza nini, na nilipofanikiwa kusema, aliiweka pedi chini. Hakucheka. Namshukuru kwa hilo mpaka kesho.

"Yule siyo baba yako," akasema.

"Si ulisema amehamishiwa ghala kubwa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mjomba iliishia hapo. Mwishowe akafanya kitu alichodhani kitanituliza, akairudisha gemu nyuma kidogo. "Haya tazama. Si huyo hapo? Mzima kabisa."

Alikuwepo kweli, amesimama mlangoni, anahamisha uzito mguu hadi mguu, hana damu, hana kumbukumbu. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena ukubwani. Kama angekufa ningelia, basi. Lakini alikuwa anauawa na kurudishwa, na anarudishwa ili aitwe tena, na kila akiitwa anakuja, kwa sababu anadhani ni mimi.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilibadilika machoni pangu. Upepo ulikuwa mkali msimu huo, unashuka kutoka kwenye mawe makubwa na kupenya kila penye upenyo, na bati la nyumba ya mjomba lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani yaliyolia upepo ukipita. Mama hakuvumilia. Alipanda juu ya stuli na kipande cha sabuni ya mche, akalainisha, akaziba tundu moja baada ya jingine, na palipokuwa pakubwa akasokomeza vitambaa. Kesho yake sabuni ikikauka na kudondoka, alipanda tena. Nilidhani anaogopa baridi. Nilimshikia stuli nikiwaza kwamba huko aliko baba hakuna wa kumzibia matundu.

Asubuhi kabla mjomba hajaamka nilikuwa naingia kibandani peke yangu. Televisheni zilikuwa zimezimwa, na kwenye kioo cheusi niliuona uso wangu, na nyuma ya uso wangu nilijua yupo, amesimama gizani mbele ya mlango wake. "Shikamoo, baba," nilisema. Ilikuwa lazima nimwamkie, hata kama ni kupitia kioo, kwani nilifundishwa hivyo. Kisha nilisubiri. Saa nyingine mjomba akishazima, kioo kilibaki na joto, na ukikisogelea nywele zilisimama zenyewe na kukatoka mchakacho mdogo, mkavu. Niliujua mchakacho ule. Ulikuwa wa maganda ya vitunguu.

Nilimwomba mjomba amtoe. Sikutaka kingine duniani, si nguo ya sikukuu wala mwanasesere. Nilitaka baba aondoke kwenye ule mlango, arudi nyumbani kabla mtu mwingine hajamwita. Mjomba alisema kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa ufunguo wa ghala ameuvaa mlinzi mwenyewe kiunoni, lakini akaniapia kwamba kisu hakitumiki tena, wala mluzi. Akajaribu kupita kwenye paa. Akajaribu kuzunguka nyuma kwa ngamia. Kila mara walinzi wengine walimwona mtu wake wakamwua yeye, na mjomba alisonya akaanza upya. Nadhani ilifika mahali naye akaanza kuamini kidogo. Nilimsikia akimfokea mteja mmoja aliyetaka kuijaribu gemu ile: "Wewe cheza mpira wako! Huko sokoni hakuna kupita!"

Mchana mmoja mjomba alitoka kwenda dukani mara moja, gemu akaiacha imesimama, pedi juu ya benchi. Nikaichukua. Nilikuwa nimemtazama vya kutosha kujua ya kubonyeza. Nikamwingiza yule mtu kwenye rundo la majani, nikajiapiza kwamba kisu sikigusi, nikabonyeza mluzi. Niliwaza kwamba akija na asipochomwa, atanikuta. Basi. Mpango wangu wote ulikuwa huo.

Baba akanyanyua kichwa. Akaushika mlango. Akaanza kuja.

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Nikageuka nikamwona mama mlangoni mwa kibanda, beseni lake la mboga liko chini, mchicha umetapakaa kwenye vumbi. Mkono mmoja ameuweka kifuani na macho yako kwenye televisheni. Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo, mtu mzima, mchana kweupe.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani na yeye amemtambua.

"Mama, umemwona? Anakuja!"

Mjomba alitokea mbio, akamtazama dada yake, akatazama kioo, akang'oa waya ukutani. Kioo kikafumba. Kwa hiyo sikuona baba alifika vipi kwenye ile kona, wala alifanya nini alipoikuta haina mtu.

Mama alinishika kwa mikono miwili, akaniwekea kiganja mdomoni ingawa sikuwa nimesema kitu kibaya. "Usipige mluzi," akasema. "Usipige tena. Maisha yako yote, umenisikia? Usipige." Hakunichapa siku hiyo. Alinichapa baadaye, siku niliyojisahau nikawapigia mluzi kuku, na akalia kuliko mimi. Nikahitimisha kwamba mama ni mtu wa kuogopa nyoka. Mjomba naye akaniambia ile CD imekwaruzika, akaificha nisikojua.

Kwamba baba amekufa nilikuja kulijua polepole, kama watoto wote wanavyojua mambo wasiyoambiwa, na hatimaye mjomba akanipeleka kwenye kaburi. Wezi walivamia ghala, alisema. Ikawa ndiyo habari yote, nami nikakua nayo, nikasoma, nikaolewa, nikamzaa huyu mpenda gemu. Na mama aliendelea kuziba matundu. Hata nilipomjengea nyumba ya bati jipya lisilo na tundu, nilikuwa namkuta amesimama katikati ya chumba ameinua uso, anasikiliza upepo.

Amefariki mwaka huu. Siku ya arobaini, watu waliposhaondoka na vijana wanakunja turubai, mjomba Jumanne alivuta kiti karibu na changu. Siku hizi ndevu zake ni nyeupe na kibanda kilishakufa zamani.

"Dada alinifunga mdomo," alisema. "Sasa hayupo, na mimi sitaki kwenda nalo."

"Lipi, mjomba?"

"Wale wezi hawakumkuta mlangoni. Walimtoa. Walikuwa wamewasikia jioni, wewe na yeye, wakajua akisikia ule mluzi anatoka. Usiku ule wakapiga wao, kwenye kona ile ile."

Nilimuuliza amejuaje, maana wezi hawakuwahi kukamatwa.

"Alifika hospitali bado anaongea. Mama yako alipoingia, baba yako hakumwambia habari ya maumivu. Alimuuliza, 'Mtoto ameshafika nyumbani? Nimemsikia ananiita.'"

Nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia mama, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Nilikumbuka stuli na sabuni ya mche, na matundu ya bati yaliyopiga mluzi. Nilikumbuka mchicha kwenye vumbi. Mama hakuwa ameona mlinzi yeyote kwenye kile kioo. Alisikia kile kilichomtoa mumewe mlangoni, akageuza macho, akamkuta mtoto wake mwenyewe ameshika pedi na ndiye aliyekipiga. Miaka yote hiyo alikaa na mimi sahani moja, akanisuka nywele, akanichezea ngoma ya harusi, na kila siku akalibeba neno hilo ili nisilibebe mimi. Nilikuwa namwona mwoga wa nyoka. Nampenda mama yangu sasa kwa namna inayoniuma, na hayupo wa kuambiwa.

Ndiyo maana juzi nilisimama sebuleni na unga mkononi, nashindwa kuondoka.

"Sasa huyu namwua, napata ufunguo," mwanangu alikuwa anaeleza. "Nampigia mluzi tu, anakuja mwenyewe. Wajinga sana hawa walinzi."

"Usimfanye kitu," nikasema.

"Mama! Nisipomwua gemu haiendi."

"Isiende. Piga mluzi, kisha kaa humo kwenye majani. Usiguse kitu."

Alinitazama kama wanavyotutazama siku hizi, lakini akapiga. Mlinzi akanyanyua kichwa. Akageuka, akaushika mlango. Akaja taratibu, huku na kule, mpaka kwenye kona, mbele kabisa ya majani, karibu kiasi cha kuona nyuzi za koti lake kwenye picha hizi mpya. Akasema maneno yake. Nilibana meno nisimjibu. Alisubiri. Alisubiri kwa muda ambao ulinitosha kumwamkia moyoni. Kisha akashusha mkuki, akageuka, akatembea kurudi kwenye ghala, akaushika mlango tena, akasimama mahali pake, akahamisha uzito mguu hadi mguu.

"Si unaona?" mwanangu akasema. "Amerudi tu. Hakuna kilichotokea."

"Ndiyo," nikasema. "Hakuna kilichotokea."

Harufu ya ugali unaoungua ilikuwa imefika sebuleni. Nilikaa sakafuni kando yake, nikamwomba apige tena.